Daftari la Mikoko

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa wino wa buluu,
kwa mwandiko wa mtu mwenye furaha:
Jumamosi, Kunduchi, maji yamekupwa saa nne.
Miche mia sita, yote mkoko.
Wageni kumi na wawili, fulana mpya.
Sufuria mbili za pilau. Picha.

Pilau niliila, sikatai.

Ukurasa wa pili una mstari mmoja.
Bamvua lilikuja usiku likaifuta mia sita
kama mwalimu afutavyo ubao kengele ikilia,
na asubuhi tuliiokota Ununio,
imelala chali juu ya mchanga
kama watu waliofukuzwa na virago vyao.

Mimi ni fundi cherehani wa Mtongani.
Nguo ikigoma mwilini, simlaumu mwenye mwili;
nairudia futi.

Ndipo akaja Pazi,
aliyelala mahabusu mara mbili
kwa korija tatu za boriti.
Sikudhani akasonya: "Fisi naye akabidhiwe bucha?"
Pazi hakujibu. Alivua kandambili,
akazama topeni hadi magotini,
akachota tope, akalinusa kama mpishi anusavyo mchuzi.

"Hapa mbele mkoko haukai," alisema.
"Miaka kumi na moja nimekata pwani hii,
hapa mbele sikuwahi kuukuta.
Mbele ni mlilana, huo hupenda kupigwa.
Mkoko mgongoni kwake. Mkandaa nyuma.
Mchu upelekeni kule kwenye majaruba ya chumvi,
unakunywa chumvi na haulalamiki."

"Umejuaje?"
"Shoka. Kila mti una sauti yake ukianguka."

Hakuna aliyecheka.
Niliandika kwa penseli; kalamu ilikwishamezwa na tope.

Tangu hapo daftari limechafuka.
Mlilana mia mbili: hai tisini.
Mlilana mia mbili tena: hai mia na arobaini na moja.
Mchu thelathini na moja: mbuzi wa Mama Zamoyoni.
(Faini: Mama Zamoyoni atabeba viriba mwezi mzima,
na mbuzi atakaa ndani.)
Viatu vya mguu wa kushoto, kumi na saba.
Vya kulia, viwili. Tumejadili, hatukupata jibu.
Godoro, moja. Lilitutoa jasho watu wanane.
Mche namba arobaini na tatu: inchi kumi na tisa,
nimeupima kwa futi yangu ya shingoni,
sawasawa na mkono wa shati la mtoto wa darasa la pili.
Kaa: wengi, hawakubali kuhesabiwa.

Juzi Pazi alinishika bega. "Usitikisike."
Kati ya mililana alikuwa amesimama sululu,
mdomo umepinda kuelekea chini,
anachimba mahali petu bila kuomba kibali,
bila mpini.
Sululu za chuma tulichanga pesa kununua;
huyu alijileta.
Sikudhani, mwenye mdomo kuliko sote, alinyamaza
mpaka ndege alipoondoka na kaa wake.

Wakati wa kunawa miguu Pazi aliliomba daftari.
Alisoma polepole, kidole chini ya kila namba.
"Hakuna safu yangu," akasema.
"Ipi?"
"Niliyokata."
Nikachora mstari kwa rula. Nikauliza, niandike ngapi?
Alitazama maji yaliyokuwa yakirudi kwenye vifundo vya miche,
midomo ikihesabu kwa korija, ikipotea, ikianza upya.

"Acha wazi," akasema.

Nimeacha.
Nikalifunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni
uliopigwa marufuku, tuliouchimbua wenyewe,
tukapanda juu kabla maji hayajatukuta.